Safu ya Ushauri: Hesabu za dozi zinanitoa jasho, niache uuguzi?

BARUA

Shikamoo Sista,

Mimi ni binti wa miaka 21, nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nakuandikia nikiwa peke yangu chumbani, Nkuhungu. Wenzangu wamekwenda kujisomea kwa makundi, mimi nimewaambia kichwa kinauma. Hakiumi. Wiki ijayo tuna jaribio la kukokotoa dozi na sitaki mtu alione daftari langu.

Masomo mengine namshukuru Mungu yanakwenda. Anatomia naipenda, uuguzi wa jamii nafanya vizuri, na wodini wagonjwa wananizoea haraka. Kuna bibi mmoja alitoka Bahi na kidonda cha mguu, alikuwa hakubali kufungwa na mtu mwingine hata nikichelewa kuingia zamu. Lakini ikifika hesabu ya dawa, akili inafunga. Hisabati kidato cha nne nilipata F. Chuo niliingia kwa Baiolojia, Kemia na Fizikia, nikajua nimeachana na namba. Kumbe zilikuwa zinanisubiri wodini.

Kanuni ninayo. "Unachotaka, gawanya kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo." Nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya kitanda, naisoma kabla ya kulala. Shida ni kwamba nikipewa swali sijui kipi ni ninachotaka na kipi ni nilichonacho. Namba zinakuwa nyingi: uzito wa mtoto, miligramu kwa kilo, miligramu za kwenye ampuli (kile kichupa cha kioo cha dawa ya sindano), mililita. Naziweka tu. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa, na sijui kwa nini.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Tulikuwa mazoezini wodi ya watoto. Kulikuwa na mtoto wa kilo 8, daktari amemwandikia sindano ya jentamisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 60. Ampuli zetu ni za miligramu 80 kwenye mililita 2. Nikapiga kalkuleta, ikaniletea 2.67. Nikavuta ampuli ya kwanza yote, nikawa nataka kuivunja ya pili. Muuguzi wa zamu alikuwa anaandika upande wa pili wa meza. Akainua kichwa, akanishika kiganja. "Binti, ampuli ya pili ya nini?" Sikuwa na jibu. Akanipokonya bomba la sindano, akanisema mbele ya akina mama wote waliokuwa wamepakata watoto. Mama wa yule mtoto aliniangalia. Sista, macho yale sijayasahau.

Tangu siku hiyo nakwepa toroli ya dawa. Wenzangu wakienda kugawa dawa mimi natandika vitanda, napima presha na joto, napeleka sampuli maabara. Darasani rafiki yangu ninayekaa naye ananionyesha majibu. Jaribio lililopita nilipata 14 kati ya 20, na hazikuwa zangu.

Mama yangu anauza mafuta ya alizeti Kibaigwa, pembeni ya barabara kuu. Likizo huwa namsaidia kupima na kujaza chupa. Ada yangu inatoka kwenye madumu yale. Kila akipiga simu ananiita "nesi wangu", nami naitika. Naona namdanganya. Je, niache nikasome kitu kingine mapema, kabla sijaua mtoto wa mtu? Au mtu kama mimi bado anafundishika?

Mwanafunzi mwenye hofu, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Nianze na yule mtoto, maana naona ndiye anayekukosesha usingizi. Hakudungwa ile dawa. Uliyokuwa unaivuta ilikuwa karibu miligramu 107 badala ya 60, na jentamisini ikizidi inaumiza figo na masikio. Mtoto anaweza kupona ugonjwa uliomlaza akabaki hasikii. Sikufichi, kwa sababu ukijua uzito wa jambo utaelewa kwa nini muuguzi yule alipaza sauti. Kukusema mbele za watu hakukuwa sawa, angekuvuta pembeni. Lakini mkono wake uliwaokoa wawili, mtoto na wewe. Ukirudi wodi ile, mtafute. Mwambie asante, kisha mwombe akusimamie unapoandaa dawa. Nimefanya kazi na kina mama wakali wa namna hiyo miaka mingi, na wengi wao ukiwaomba wakufundishe wanakufundisha kwa moyo wote. Mweleze pia mkufunzi wako yaliyotokea, uyaeleze wewe mwenyewe kabla hajayasikia kwa mwingine.

Sasa hesabu. Jibu lako la 2.67 naona wazi ulivyolipata: uligawanya 80 kwa 60, ukazidisha kwa 2. Kanuni uliijua, ila uliigeuza kichwa chini miguu juu. Kugeuza kunatokea kwa kila mtu, hasa akiwa amechoka au ana hofu. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba jibu lilipotoka hukuliuliza kitu. Kalkuleta ikakuambia vunja ampuli ya pili, nawe ukaishika kuivunja.

Katika barua yako kuna mstari umeupita haraka, mimi nikaupigia duara: unamsaidia mama kupima mafuta. Tuseme chupa ya nusu lita ni shilingi 4,000. Anakuja mteja ana 3,000. Utampa chupa nzima? Utafungua ya pili umwongezee? Mama yako angekutoa pale mezani siku hiyohiyo. Hujawahi kulifanya kosa hilo, wala hukuhitaji karatasi ukutani. Unajua 3,000 ni pungufu ya 4,000, kwa hiyo mafuta ni pungufu ya chupa. Na kwa kuwa pesa ni robo tatu ya bei, mafuta ni robo tatu ya chupa. Haya, turudi wodini. Ampuli ni ile chupa. Miligramu 80 ndiyo bei yake. Mtoto amekuja na 60. Ni mteja yuleyule, mwanangu. Robo tatu ya mililita 2 ni mililita moja na nusu, na ampuli ya pili inabaki kwenye boksi.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kuibandua ile karatasi kwa muda. Kanuni ni nzuri na utairudia, lakini kwa sasa inakufanya uanze kuhamisha namba kabla hujaiona dawa. Ukipewa swali, au ukisimama mbele ya toroli, usiguse kalamu. Sema kwanza, kwa Kiswahili na kwa sauti ndogo: "Mkononi nina ampuli moja. Ndani mna miligramu 80, na zimo kwenye mililita 2." Halafu sema: "Mtoto anatakiwa kupata 60." Halafu jiulize: ampuli hii itabaki, itatosha kamili, au itapungua? Andika neno moja tu pembeni ya karatasi: itabaki. Baada ya hapo kokotoa. Hesabu ikikupa jibu linalogombana na neno lile, weka bomba chini. Usiendelee hata kama kalkuleta imeonyesha namba nzuri isiyo na nukta.

Na ukishakisia, njia nyepesi ya kukokotoa ni kuuliza mililita moja ina nini. Miligramu 80 kwenye mililita 2, basi mililita moja ina 40. Nataka 60. Arobaini ni mililita moja, ishirini inayobaki ni nusu. Jumla 1.5. Jibu ni lilelile la kanuni, lakini hapa kila hatua unaiona, na hakuna kitu cha kugeuza.

Nimesema useme kwa Kiswahili, na nina sababu. Kugawanya na kuzidisha ulifundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba. Ulipoingia kidato cha kwanza ukakuta namba zilezile zimebadilishiwa lugha, na chuoni swali la dozi lina mistari minne ya Kiingereza kabla hujafika kwenye namba ya kwanza. Nimefundisha wanafunzi wengi waliojiita wabovu wa hesabu, nikigundua kwamba hesabu wanaiweza ila swali hawajalielewa. Pembeni ya kila swali andika kwa Kiswahili: nini kipo, nini kinatakiwa, kwenye nini. Jibu lako utaliandika kwa lugha ya mtihani. Kufikiri, fikiri kwa lugha uliyopimia mafuta.

Tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo makosa makubwa kabisa yanapozaliwa. Gramu moja ni miligramu 1,000. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Lita moja ni mililita 1,000. Haya huna budi kuyajua usingizini. Kabla ya kugawanya chochote hakikisha pande zote mbili zinaongea kipimo kimoja. Chukua seftriaksoni, dawa nyingine ya kuua bakteria inayokuja ikiwa unga: kichupa kimeandikwa gramu 1, daktari ameandika miligramu 600. Mwanafunzi anaona 600 na 1, anagawanya, anapata mlima. Geuza ile gramu iwe miligramu 1,000 kwanza. Ukiiyeyusha ikawa mililita 10 kamili, kila mililita ina 100, basi 600 ni mililita 6.

Na nukta, mwanangu. Nukta ni kitone kidogo kuliko mbegu ya uwele, na kinaweza kuifanya dozi iwe mara kumi. Nilipokuwa bado kijana kazini, zamu ya usiku, nilimwandikia mtoto njiti vitamini K nusu miligramu. Niliandika nukta kisha 5, bila sifuri mbele. Mwenzangu aliyepokea zamu alfajiri akasoma 5. Alikuwa ameshashika bomba, akamwangalia yule mtoto, alikuwa mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja viwili, akasita. Akanifuata nje nikiwa nimeshavaa kanga ya kuondokea. "Sista, ni 5 kweli?" Niliketi kwenye ngazi pale pale, miguu imeniishia nguvu. Tangu siku hiyo sijaandika nukta bila sifuri mbele yake: ni 0.5, kila mara. Na upande wa nyuma ni kinyume chake. Kama ni 5, andika 5, usiweke 5.0, kwa sababu nukta ikififia atasoma 50.

Dawa za unga zina mtego wao, na huo nitaueleza kwa artesunati ya malaria kali kwa sababu utakutana nayo. Kichupa kina miligramu 60 za unga. Unaiyeyusha kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo, halafu kwa sindano ya mshipa unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Sasa una mililita ngapi? Wengi wanajibu 5, kwa sababu ndiyo namba ya mwisho waliyoishika. Ni 6. Kila mililita ina miligramu 10. Mtoto wa kilo 10 anatakiwa miligramu 3 kwa kila kilo, maana watoto walio chini ya kilo 20 dozi yao kwa kilo ni kubwa kuliko ya wakubwa. Anahitaji 30, yaani mililita 3. Aliyesahau ile mililita moja ataona kila mililita ina 12, atavuta mililita 2.5, na mtoto atapata 25. Wewe ni mtoto wa muuza mafuta, unajua jina la kitendo hicho. Mtoto amepunjwa, na vimelea vya malaria kwenye damu yake ndivyo vimefaidi. Kwa dawa yoyote ya unga soma karatasi iliyomo kwenye boksi, kwa sababu si zote zinayeyushwa kwa kiasi kimoja, na nyingine unga wenyewe unachukua nafasi ndani ya kichupa.

Utakapokwenda wodi ya wazazi utakutana na asilimia, na hapo wanafunzi wengi hukata tamaa. Usikate. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba imeandikwa asilimia 50. Maana yake gramu 50 kwenye kila mililita 100. Punguza: gramu 5 kwenye mililita 10, ambayo ni ile ampuli yenyewe. Punguza tena: nusu gramu kwenye kila mililita. Mama anatakiwa gramu 4 za kuanzia kwenye mshipa, basi unavuta mililita 8. Lakini haiingii hivyo ilivyo, ni kali mno, inatakiwa iwe asilimia 20. Unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, jumla zinakuwa 20. Gramu 4 kwenye mililita 20 ni sawa na gramu 20 kwenye 100. Ni kama juisi ya zabibu uliyoikamua nzito ukaiongeza maji: zabibu ni zilezile, mtungi ndio umejaa zaidi. Gramu 4 hazijabadilika, na zinapita polepole. Rudia hesabu hii usiku mmoja mzima ukipenda, kwa sababu siku mama atakapoletwa anatupa mikono na povu mdomoni, nduguze wanalia mlangoni, hakutakuwa na nafasi ya kuanza kujifunza asilimia.

Dripu sitakaa nayo sana, ni nyepesi ukiiona. Lita moja kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa. Saa ina dakika 60, kwa hiyo kila dakika zinapita mililita mbili na kidogo. Mpira wa dripu wa watu wazima mara nyingi unatoa matone 20 kwa mililita, imeandikwa kwenye pakiti yake, soma. Basi utarajie matone 40 na kitu. Kokotoa sasa: mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, unahesabu 42. Mpira wa watoto wa matone 60 kwa mililita una urahisi wake: idadi ya mililita kwa saa ndiyo idadi ya matone kwa dakika, kwa sababu 60 ya matone na 60 ya dakika zinafutana. Nunua saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Simu usiitegemee, mikono yako inapita kwenye mengi.

Kuna jambo moja hukulitaja ila nalijua kwa kuwatazama wanafunzi: mtu anakokotoa sawasawa halafu anavuta vibaya. Chukua bomba la mililita 5 ulitazame mchana kwenye mwanga. Kati ya 1 na 2 kuna nafasi tano, basi kila mstari mdogo ni 0.2. La mililita 2 kila mstari mdogo ni 0.1. Aliyezoea la mililita 2 akishika la 5 atavuta mstari mmoja juu ya 1 akidhani ni 1.1, kumbe ni 1.2. Kwa dozi ndogo ya mtoto mchanga tafuta bomba la mililita 1. Na insulini ina bomba lake lililoandikwa yuniti. Usiivute kwa bomba jingine hata kama la kwake limeisha stoo, nenda kaulize wodi ya jirani.

Chuoni omba ruhusa ya kuingia chumba cha mazoezi jioni, na mabomba mapya na maji. Vuta 1.5. Vuta 0.3. Vuta 4.2. Mwachie mwenzako asome umevuta ngapi kabla hujamwambia. Wodini omba maboksi matupu ya dawa, maboksi tu; vichupa vilivyotumika, ampuli zilizovunjwa na sindano usivibebe. Kila boksi lina swali lililoandikwa tayari: miligramu ngapi, kwenye nini. Bandika maboksi hayo pale ulipobandua kanuni. Kila siku yatungie maswali mawili. Mawili tu, lakini kila siku.

Nimelifikia la rafiki yako, na hapa nitakuwa mkali kama yule muuguzi. Acha kutazama majibu yake kuanzia jaribio hili la wiki ijayo. Ile 14 ilikufanyia ubaya mkubwa kuliko 5, kwa sababu kwa 5 mkufunzi angekuita ofisini miezi mingi iliyopita, na huenda usingefika kwenye ile ampuli ya pili. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, fanya sapu. Mwisho wa safari kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na baada ya hapo kuna zamu za usiku kwenye zahanati ambako muuguzi ni wewe peke yako mpaka asubuhi. Huko rafiki yako hatakuwepo. Mtumie kwa namna nyingine, iliyo halali na itakayowafaa wote wawili: kila mmoja akokotoe swali lilelile kwenye karatasi yake, bila kuonyeshana, bila kusema, halafu mfunue pamoja. Mkitofautiana, msikubali haraka kwamba yeye ndiye yuko sahihi. Kila mmoja amweleze mwenzake dawa iko kwenye nini. Wauguzi wazoefu hufanya hivyo hivyo kwa dawa hatari, wawili, kila mmoja kivyake, na hawaoni aibu.

Umeuliza uache au usiache. Usiache. Sikusemei hivyo kukuliwaza. Aliyenitisha katika miaka yangu ya kufundisha ni mwanafunzi aliyekosea akacheka, au aliyekosea akabisha. Wewe hukuweza kulala. Bibi wa Bahi hakukosea alipokuchagua. Ila kuna sharti, na nataka ulishike: mpaka utakapokuwa na uhakika, usiandae sindano ya mtoto bila mtu mwenye leseni kusimama hapo hapo akihesabu naye. Kama mwanafunzi ndivyo inavyotakiwa hata ukiwa hodari. Na kukwepa toroli kuishie leo. Kesho rudi, hata kama ni kusukuma tu na kusoma maboksi, ukikisia kimoyomoyo kila dawa: itabaki, itatosha, itapungua.

Kuhusu mama, hujamdanganya. Ukienda likizo, mwambie kwamba umegundua kazi ya pale mezani na kazi ya wodini zinatumia akili moja. Atafurahi kuliko unavyodhani, na akiwa anapima dumu la lita 20 mkadirie kabla hajamaliza: chupa za nusu lita ngapi? Za robo lita ngapi?

Sasa nakuachia swali moja, ulifanye leo usiku kabla hujazima taa. Mtoto ana kilo 12, ana homa. Ameandikiwa parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa inasema miligramu 120 kwenye mililita 5, na kijiko kilichomo kwenye boksi ni cha mililita 5. Usikimbilie kusema "itabaki" kwa sababu ya jentamisini. Niandikie kwanza ulichokisia: kijiko kimoja kinabaki, kinatosha, au kinapungua? Halafu niandikie ulivyolifikia jibu, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, hata kama limetoka vibaya. Nitalisoma.